Peugeot, Stratos na Matope ya Gusii: Historia ya Magari ya Rali Ndani ya Gemu

Pasaka ya mwaka wa 1975, Ove Andersson kutoka Uswidi aliibuka mshindi wa Safari Rally nchini Kenya akiendesha Peugeot 504. Nambari mbili akawa Sandro Munari wa Italia, nambari tatu Björn Waldegård, na wote wawili walikuwa ndani ya Lancia Stratos. Leo, ukishindanisha gari zito la familia mfano wa 504 na Stratos kwenye gemu ya rali, katika mkondo wa kilomita 10, Stratos itaondoka na ushindi kila mara. Hakuna dereva wa padi wala wa usukani atakayeweza kuyarudia matokeo ya 1975.

Pengo hilo kati ya historia na skrini linastahili kupimwa. Magari ya kale ya mbio yamepewa maisha mapya na gemu. Vijana waliozaliwa miaka 30 baada ya Stratos kustaafu wanajua mkia wake unavyochomoka. Lakini kila gemu huliiga gari pamoja na barabara ambayo waundaji wake wanaijua, na magari yaliyoshinda Safari yalifunzwa na barabara nyingine kabisa. Kisii na Nyamira, yaani nchi ya Gusii, ni mahali pazuri pa kusimama tukiipima historia hii, kwa sababu barabara za aina hiyo bado zipo, na watu wanaziendesha kila siku wakienda sokoni.

Udongo kwanza

Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baadhi ya sehemu za Nyamira hupita mita 2,000. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, zaidi ya milimita 1,500, na ni nadra mwezi kupita bila ardhi kulowa. Chini ya mashamba ya chai na migomba kuna udongo mwekundu uliotokana na volkano, mzito, wenye mfinyanzi mwingi. Ukikauka hutoa vumbi laini. Ukilowa hujaza meno ya tairi, na baada ya mita chache gurudumu huwa limevaa udongo, mpira hauonekani tena.

Barabara kuu zina lami: ya Kisii kwenda Keroka hadi Sotik, na ya Kisii kupitia Nyamira hadi Chemosit. Lakini ndizi na majani chai hayaanzii kwenye lami. Yanaanzia kwenye vijia vinavyoteremka hadi mtoni na kupanda upande wa pili, na huko ndiko fizikia ya gari hufundishwa bila kitabu.

Chukua magari mawili ambayo kila mkulima wa hapa anayajua. La kwanza ni Toyota Probox inayovutwa na magurudumu ya mbele. Ikipakiwa mikungu ya ndizi hadi kiti cha nyuma kisionekane, mgongo hukaa chini na pua huinuka. Ikianza kupanda kilima chenye matope, uzito wote uko nyuma ilhali magurudumu yanayovuta yako mbele, nayo yanazunguka bure. Vijana wawili wakikalia boneti, tairi za mbele hupata uzito na gari linaondoka. La pili ni pikapu ya Peugeot 504 inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Mzigo ule ule unakaa juu ya ekseli inayosukuma, hivyo inapanda bila kelele nyingi. Shida yake huja ikirudi tupu: kwenye kona ya mteremko nyuma huwa nyepesi, na dereva akitoa mguu kwenye mafuta ghafla, mkia hutaka kutangulia.

Dereva anayejua tofauti hiyo ameshaelewa jambo ambalo waundaji wa gemu walihangaika nalo kwa miongo mitatu. Uzito wa gari hauko mahali pamoja. Ukikanyaga breki unakwenda mbele, ukikanyaga mafuta unarudi nyuma, ukikata kona unahamia upande wa nje. Tairi lenye uzito hushika, lisilo na uzito huteleza. Gari lolote la kale, liwe kwenye tope la Manga huko Nyamira au kwenye skrini, huendeshwa kwa kuupeleka uzito huo unakotakiwa.

Zama za wenyeji, 1953 hadi 1974

Mbio za Safari zilianza mwaka wa 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka wa 1960 zikaitwa East African Safari. Hapakuwa na barabara zilizofungwa. Magari yalikimbia usiku na mchana miongoni mwa mabasi, mikokoteni na ng'ombe. Mwaka wa 1954 Vic Preston alishinda kwa Volkswagen Beetle, na sababu ilionekana kwa macho: injini ilikaa nyuma, juu kabisa ya magurudumu yanayosukuma, na tumbo la gari lilikuwa tambarare, likiteleza juu ya matope pale ambapo mengine yalikwama.

Mwaka wa 1963 ndio uliozipa mbio hizi sifa yake ya ukatili. Magari 84 yalianza, 7 tu yakamaliza. Mwaka wa 1968 mvua ikarudi kwa hasira na tena 7 yakamaliza. Mara zote mbili washindi walikuwa wale wale, Nick Nowicki na mwelekezi wake Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Katikati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alishinda mara mbili mfululizo kwa 404 vilevile.

Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho, jirani kabisa wa Nyamira, alishinda mwaka wa 1965 kwa Volvo PV544 akiwa na ndugu yake Jaswant. Mwaka wa 1974, katika Safari nyingine iliyoloa, aliliingiza gari dogo la Mitsubishi Lancer 1600 GSR mbele ya Porsche 911 ya Waldegård, kisha akarudia ushindi mwaka wa 1976. Mtu aliyekulia Kericho hakuhitaji kuelezwa mvua ya alasiri hufanya nini kwenye udongo mwekundu. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda 1973 kwa Datsun 240Z, kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982 kwa Datsun.

Kwa takriban miaka 20 wageni walikuja na kuondoka mikono mitupu. Wa kwanza kuvunja mwiko alikuwa Hannu Mikkola wa Ufini mwaka wa 1972, akiwa na Ford Escort RS1600. Wenyeji hawakuwa na magari yenye nguvu zaidi. Walijua mahali pa kukimbia na mahali pa kungoja. Mwenda pole hajikwai, na katika safari ya kilomita 5,000 kujikwaa mara moja kulitosha kukurudisha nyumbani.

Siri ya 504

Turudi kwa Andersson na Munari. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ya Stratos ni mita 2.18. Wa Peugeot 504 ni mita 2.74. Stratos ilikuwa na injini ya V6 ya Ferrari iliyowekwa katikati, nyuma ya dereva, na uzito wa takriban tani moja. Gari fupi lenye injini katikati hugeuka kama feni: ukilitaka liingie konani linaingia mara moja, na ukikosea kidogo linazunguka kabla hujasahihisha. Katika milima ya Italia na Corsica, ambako kona hufuatana na dereva amekariri kila moja, hiyo ni silaha.

Safari ilitaka kitu kingine. Ilitaka gari linalokwenda moja kwa moja lenyewe kwa saa nyingi, dereva akiwa amechoka, barabara ikiwa na mashimo asiyoyajua. Urefu wa 504 uliituliza. Springi zake ndefu na laini ziliyameza mashimo bila kulirusha gari pembeni. Madereva wa Safari walikuwa na nidhamu moja wanayoijua hata wenye matatu wa Gusii: ukiliona shimo, piga breki mapema, kisha achia breki kabla gurudumu halijaingia. Ukiingia shimoni ukiwa bado umekanyaga, springi ya mbele imeshabanwa na haina nafasi ya kufanya kazi, na pigo lote linakwenda kwenye chuma. Ukiachia, pua huinuka, springi hufunguka, gurudumu hushuka na kupanda salama.

Kila gemu ya rali inapaswa kuulizwa swali hilo: je, kuachia breki kabla ya shimo kunaleta tofauti yoyote?

Kutoka Sega hadi Burns, 1994 hadi 2004

Sega Rally Championship, iliyotokea kwenye mashine za kumbi za michezo mwaka wa 1994, ilileta hatua ya kwanza kubwa. Gari lilitenda tofauti kwenye lami, changarawe na matope. Stratos ilikuwemo, imefichwa kama zawadi, pamoja na Toyota Celica na Lancia Delta. Ilikuwa Stratos ya furaha, inayoteleza kwa upana na kurudi yenyewe. Haikuadhibu mtu. Ila wazo kwamba ardhi ina sauti yake katika uendeshaji lilizaliwa hapo.

V-Rally ya 1997 iliileta Kenya kwenye PlayStation, na Colin McRae Rally 2.0 ya mwaka wa 2000 ikaileta tena. Magari ya gemu hizi yaliruka sana na kutua kwa wepesi usio wa kweli, lakini ziliwafunza wachezaji kumsikiliza mwelekezi na kuikata kona kabla ya kuiona.

Wakati huo huo, kwenye mbio za barabara laini, kampuni ya Papyrus ilitoa Grand Prix Legends mwaka wa 1998, ikiiga msimu wa Formula One wa 1967. Lotus 49 ya gemu hiyo haikuwa na mabawa ya kuikandamiza chini, tairi zake zilikuwa nyembamba kwa vipimo vya leo, na mguu wa mafuta ulifanya nusu ya kazi ya usukani. Wengi waliishia ukutani katika kona ya kwanza. Baadaye Lotus 49 ilitengenezwa upya ndani ya iRacing na Assetto Corsa, na anayezijaribu zote huona historia ya sayansi ya tairi ikipita chini ya mikono yake. Katika ile ya kwanza gari huteleza kama limejaa hewa. Katika zile za baadaye tairi huonya kabla ya kuachia, na mtu hupata nafasi ya kujibu.

Kisha mwaka wa 2004 ikaja Richard Burns Rally kutoka studio ya Warthog. Hii ndiyo iliyolichukulia gari la rali kwa uzito kuliko zote za wakati wake. Uzito huhama kweli, na tofauti ya magurudumu ya mbele na ya nyuma huamua kila kitu. Ukiingia konani na mafuta mengi, gari linalovutwa na magurudumu ya mbele husukuma pua nje. Ukigusa breki kidogo huku ukikata usukani, pua huuma na mkia hufuata. Studio ilikufa, gemu haikufa. Wapenzi wake kwa miaka 20 wameandika upya fizikia yake, wakaongeza barabara na magari ya kale kwa mamia.

Hapa kuna jambo la ajabu. Kati ya 1997 na 2002 Safari ilifanyika mara sita, na mara tano washindi walikuwa McRae (1997, 1999, 2002) na Burns (1998, 2000). Gemu mbili zilizolea kizazi kizima cha rali zina majina ya mabingwa wa Safari. Gemu ya Burns, iliyo bora kwa uendeshaji, ilitoka kiwandani bila Kenya. Mtu aliyeshinda hapa mara mbili aliacha gemu isiyo na barabara yetu hata moja.

Zama mpya, 2011 hadi leo

Kampuni ya Codemasters iliirudisha Kenya katika DiRT 3 ya 2011, pamoja na magari ya miaka ya 1960 na 1970. Ilikuwa Kenya ya vumbi la dhahabu na migunga. DiRT Rally ya 2015 ikayarudisha magari ya kale kwa heshima zaidi: Mini Cooper S na Lancia Fulvia zinazovutwa mbele, Escort na Fiat 131 zinazosukumwa nyuma, Stratos yenye injini katikati. Hapa mtu hujifunza tofauti ya Probox na pikapu bila kutoka kitini. Mini hutaka ukanyage mafuta konani ili ijivute. Escort hutaka uitelezeshe mapema na uishike kwa mafuta. Stratos hutaka usiogope na usibadili nia. DiRT Rally 2.0 ya 2019 iliileta Datsun 240Z, mshindi wa Safari ya 1971 na 1973, na pia barabara inayochakaa kadiri magari yanavyopita. Lakini Datsun hiyo ilipewa Argentina, New Zealand na Poland, haikupewa Kenya.

WRC 9 ya 2020 iliweka Safari ya kisasa kabla hata mbio zenyewe hazijarejea katika Mashindano ya Dunia mwaka wa 2021. EA Sports WRC ya 2023 ikaenda mbali zaidi: magari 78 ya takriban miaka 60, pamoja na mikondo ya Safari inayotokana na Naivasha. Hapo mtu anaweza kulipeleka gari la kale kwenye ardhi ya Kenya na kusikia springi zikilalamika. Nasema bila kusita kwamba hii ni hatua kubwa na waliofanya kazi hiyo wanastahili shukrani.

Hata hivyo Kenya ya gemu imebaki ile ya Bonde la Ufa: wazi, kavu, inayoonekana mbali. Safari ya kale ilipita pia nyanda za juu za magharibi, Kericho, Kisumu, Eldoret, ambako barabara hufungwa na mimea pande zote na mvua huja bila kuuliza. Tena kilomita 30 za mkondo mrefu kwenye gemu ni sehemu ndogo sana ya kilomita 5,000.

Kundi B na funzo la Celica

Wapenzi wa gemu hupenda sana magari ya Kundi B, yaliyotawala kuanzia 1982 hadi 1986: Audi Quattro S1, Peugeot 205 T16, Lancia Delta S4. Katika gemu zote ndiyo wafalme, magurudumu yote manne yakisukuma na turbo ikipiga kelele. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo matatu lililoshinda Safari. Mwaka wa 1984, 1985 na 1986 ushindi ulikwenda kwa Toyota Celica Twincam Turbo, gari lililosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, lililojengwa kuhimili. Waldegård, aliyeshindwa na 504 mwaka wa 1975, ndiye aliyeliendesha 1984 na 1986. Alikuwa amejifunza.

Gemu ikikuambia kwamba Celica ni dhaifu, haikudanganyi kuhusu Celica. Imekuficha Safari.

Vipande vitatu ambavyo havijakutana

Elimu inayohitajika kuiiga Safari ipo tayari, imetawanyika. Richard Burns Rally na ndugu zake wanajua tairi. Spintires ya 2014 na wazao wake, MudRunner na SnowRunner, wanajua udongo: ardhi yao hubonyea, gurudumu huchimba mfereji, na anayekuja nyuma huikuta njia mbaya kuliko aliyetangulia. Lakini wao huendesha malori ya mwendo wa kinyonga. BeamNG.drive inajua chuma: gari limejengwa kwa viungo vingi vinavyopinda na kukatika kulingana na pigo. Tairi, udongo, chuma. Anayepanda kutoka mtoni na mzigo wa ndizi huvikabili vyote vitatu ndani ya dakika tano, na ndivyo Nowicki na Cliff walivyovikabili siku nzima mwaka wa 1963. Gemu kubwa za rali bado hazijaviweka pamoja.

Katika vibanda vya gemu mjini Kisii, kandanda ndiyo bwana, na magari huchezwa kwa padi. Padi huficha mengi, kwa sababu gemu yenyewe hulainisha usukani ili kidole gumba kisikosee. Usukani unaorudisha nguvu mikononi ni ghali na adimu. Lakini kijana wa hapa ana kitu ambacho wenye vifaa vya bei kubwa hawana: akitoka kibandani, anapanda gari linaloteleza kweli, kwenye barabara ya kweli, na anajua kwa mgongo wake lini tairi la nyuma limeanza kuondoka.

Wakenya wameshaunda gemu za magari. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Planet Rackus ya Nairobi ilitoa Ma3Racer, mbio za matatu kwenye simu, na ikapokelewa vizuri. Kinachofuata ni kazi kubwa zaidi na inawezekana: vipimo vya barabara kutoka Kebirigo, Nyansiongo na Manga, udongo unaobadilika mvua ikinyesha, na Peugeot 404, Volvo ya Joginder na Datsun ya Mehta zikiendeshwa kwa saa, si kwa dakika. Chuo Kikuu cha Kisii kiko palepale, na magereji ya mji yana mafundi wanaoijua springi ya 504 kwa kuishika. Waunda programu wakae na mafundi hao. Gemu itakayotoka hapo iwe na mtihani mmoja wa kujipima: mtu mvumilivu ndani ya 504 aweze kumshinda mwenye pupa ndani ya Stratos. Siku itakapofanya hivyo, tutajua kwamba imeielewa Safari.